Mvi za Ujanani: Tuzitazame Kabla ya Kuzipaka



Barua iliyotufikia juma lililopita imetoka Kau, mji mkongwe ulio ukingoni mwa Mto Ozi, juu kidogo ya Kipini. Aliyeiandika ni mama wa watoto watano, na ameomba jina lake lisitajwe. Binti yake mkubwa ana umri wa miaka 22. Mvi zilianza kumtoka akiwa na miaka 17 au 18, kwanza kwenye panja, kisha utosini, na sasa kila akienda kusukwa huulizwa kama anataka mtindo wa kuzificha. Mwaka huu posa imekuja. Nyanya wa binti anasema mvi hizi si za bure, kuna mkono wa mtu. Shangazi mmoja akaleta pakiti ya piko kutoka Mombasa, akashauri binti apakwe kichwa kizima kabla ya wanawake wa upande wa mume kuja kumtazama. Akapakwa. Usiku ule masikio yalivimba, na asubuhi macho hayakufunguka. Yalikaa hivyo siku tatu. Mama anatuuliza mambo mawili: mvi hizi ni ugonjwa gani, na je, awaambie wakwe watarajiwa au anyamaze?

Tutayajibu yote mawili, lakini hatuna budi kuanza na lile ambalo hakuliuliza.

Binti huyu asipakwe piko tena, si kichwani wala mkononi, si mwaka huu wala miaka kumi ijayo. Piko tunayoinunua madukani ni unga wa kutia nywele rangi, na kinachoifanya iwe nyeusi ni kemikali iitwayo parafenilinidiamini, ambayo wataalamu huiandika kwa ufupi PPD. Mwili ukishaikataa mara moja, aghalabu huikataa maisha yote, na mara inayofuata inaweza kuwa kali kuliko iliyotangulia. Leo ni macho na masikio. Kesho yamkini likavimba koo na pumzi ikazibwa. Umoja wa Ulaya umeiwekea kemikali hii mpaka wa asilimia 2 katika rangi ya nywele iliyokwisha kuchanganywa, wala hauiruhusu kupakwa kwenye ngozi. Unga unaopimwa kwa kijiko dukani haumwambii mnunuzi kama una asilimia 2 au 20. Nchini Sudan, ambako wanawake wamezoea kuuchanganya na hina ili rangi iwahi kukolea, madaktari wa Khartoum wameandika juu ya wagonjwa wengi waliofikishwa hospitalini shingo zimevimba na figo zimeshindwa kufanya kazi. Wengi wao waliumeza unga huo, wengine kwa makosa, wengine kwa kusudi. Basi nyumba yenye watoto isiuweke jikoni.

Hina ya majani ni jambo jingine. Hina halisi hutoa rangi ya chungwa inayokwenda kwenye wekundu wa damu ya mzee, na huchukua saa kadhaa kukolea. Ikiuzwa kwa jina la hina nyeusi, na ikakolea kwa nusu saa, imetiwa kitu.

Hapa tunakatiza maneno kidogo kwa ajili ya mama wa watoto wachanga. Katika nchi zenye malaria, kama huku kwetu Tana Delta, wako watu wengi waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho huzilinda chembe nyekundu za damu. Aghalabu mtu huishi nao bila kujua. Lakini mtoto mchanga mwenye upungufu huo, akipakwa hina mwili mzima au viganja na nyayo kwa furaha ya arubaini, damu yake inaweza kuvunjika: macho yakawa manjano, mkojo ukawa kama chai ya rangi, akaishiwa nguvu. Madaktari wameyaona haya katika nchi za Ghuba, na wako watoto waliokufa. Mapambo ya mtoto yanaweza kungoja.

Sasa mvi zenyewe. Unywele hutiwa rangi shinani, ndani ya ngozi, na seli zinazotengeneza melanini, ile ile iipayo ngozi yetu weusi wake. Ukishatoka nje, unywele ni kitu kilichokufa, kama ukucha. Shinani kuna akiba ya seli za rangi, na kila unywele mmoja unapong'oka na mwingine kuanza kuota, akiba hiyo hutoa wafanyakazi wapya. Akiba ikiisha, au ikakwama isiweze kufika mahali pa kazi, unywele unaofuata hutoka mweupe. Ndiyo sababu mvi hazisambai kama upele. Kila shina lina hesabu yake, nalo halimwambukizi jirani. Wale wasemao kwamba ukiing'oa moja zitaota mbili wamekosea hesabu, ingawa kung'oa nako si kuzuri, kwa kuwa hulijeruhi shina, na imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) aliwakataza Waislamu kuzing'oa mvi.

Ni lini tuseme mvi zimekuja mapema? Madaktari wa ngozi wameweka mipaka kwa kadiri ya asili za watu: kwa watu wa asili ya Ulaya, kabla ya miaka 20; kwa watu wa Asia, kabla ya 25; kwa sisi Waafrika, kabla ya 30. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012, uliowahusisha watu zaidi ya 4,000 wa mataifa mbalimbali, ulikuta kwamba kati ya wenye umri wa miaka 45 hadi 65, watu 74 katika kila 100 walikuwa na mvi kwa kiasi fulani, na kwamba Waafrika na Waasia walikuwa nazo kidogo kuliko Wazungu wa umri wao. Kwa hiyo kijana wa miaka 22 mwenye mvi hashangazi sana Ulaya, lakini Kau atatazamwa mara mbili. Na huku kwetu huenda wapo wengi kuliko tudhaniavyo. Wanawake wetu hufunika vichwa, na wanaume wakiziona mvi za kwanza hunyoa upara. Anayezijua ni msusi, naye ana adabu ya kunyamaza.

Kunyamaza huku ndiko kunakozaa hofu ya uchawi. Sababu kubwa kabisa ya mvi za ujanani ni urithi. Mwaka 2016 wataalamu wa London waliochunguza watu zaidi ya 6,000 wa Amerika ya Kilatini walionyesha jeni moja, IRF4, inayohusika na kutokea kwa mvi, nayo si peke yake. Katika nyumba nyingi inatosha mzazi mmoja kuwa na urithi huo ili mtoto aupate. Lakini nani katika ukoo anajua mjomba alianza lini, ikiwa mjomba hunyoa kila Alhamisi?

Katika barua yake mama ametaja, kwa kupitia tu, kwamba nyanya huyo anayesema kuna mkono wa mtu hajapata kuonekana bila hina kichwani tangu yeye alipoolewa katika nyumba ile. Tulimpigia mama simu, tukamwomba amwulize nyanya, kwa adabu zote, alianza kupaka akiwa na umri gani. Nyanya hakujibu siku ile. Siku ya pili alimwita mjukuu wake chumbani, akavua mtandio, akamwonyesha kichwa ambacho hina ilikuwa imekwisha kuachia mizizi. Alianza, akasema, kabla ya kumzaa baba wa binti, yaani kabla ya miaka 25, na mamake ndiye aliyemfundisha kupaka ili mtu asiseme neno. Tumeruhusiwa kuyaandika haya.

Je, basi yamekwisha? Hapana. Urithi ndio sababu ya wengi, lakini kwa wachache mvi za mapema ni mjumbe wa upungufu uliofichika mwilini, na mjumbe huyo akipakwa rangi hanyamazi. Anahama tu, akatokea mahali pabaya zaidi. Kwa hiyo kijana yeyote mwenye mvi kabla ya miaka 30 tunamshauri apimwe damu mara moja, hata kama nyanya na babu wote walikuwa nazo.

La kwanza la kutazamwa ni vitamini B12. Vitamini hii haimo katika mimea. Imo katika samaki, nyama, maini, mayai na maziwa. Mtu angesema watu wa Ozi, wenye mto mlangoni na maziwa ya Waorma sokoni, hawawezi kuikosa. Chakula kikipatikana hawaikosi kwa chakula. Huikosa kwa tumbo. Kuna watu ambao matumbo yao yameacha kutoa kile kinachoipokea vitamini hii, hata wakila samaki kila siku. Wengine wametumia kwa miaka vidonge vya kisukari viitwavyo metformini, au vidonge vya kupunguza asidi ya tumbo kama omeprazoli, ambavyo siku hizi hununuliwa bila kuulizwa. Dalili zake si mvi peke yake: uchovu usioisha, weupe wa viganja, ulimi kuuma na kuwa laini, ganzi au kama sindano katika nyayo, kusahausahau, kuyumba mtu akitembea gizani. Ganzi ikiachwa muda mrefu, huenda isirudi nyuma. Na jambo ambalo akina mama wengi hawakuambiwa ni hili: vidonge vya foliki asidi tunavyopewa kuongeza damu vinaweza kuirekebisha damu ikaonekana nzuri, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika kwa kukosa B12. Si kwamba mjamzito aviache. Aviendeleze, lakini mwenye ganzi miguuni amwambie mkunga.

La pili ni tezi iliyo mbele ya shingo, ile ambayo ikivimba huitwa rovu. Ikizembea, mtu huhisi baridi wenzake wakitokwa na jasho, hunenepa bila kula zaidi, hedhi huwa nzito, nywele hukatika. Ikizidi, moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, na mwili hupungua. Zote mbili zimeonekana pamoja na mvi za mapema, na zote mbili zina dawa. Mwanamke anayetafuta mtoto miaka na miaka bila kupata naye apimwe tezi hii, awe na mvi au asiwe nazo.

Mbalanga, kule kupoteza rangi kwa ngozi kwa madoa, nako huweza kuugusa unywele uotao juu ya doa. Hapo mvi huja kwa shungi moja jeupe, si kwa kutawanyika. Na sigara: uchunguzi uliofanywa Jordan na kuchapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba wavutaji walikuwa katika hatari ya kupata mvi za mapema mara mbili na nusu kuliko wasiovuta. Vijana wetu wa barazani wamesikia.

Watoto wana hukumu yao. Mtoto wa miaka miwili au mitatu ambaye nywele zake nyeusi zimegeuka kuwa nyekundu au za kahawia, nyepesi, zinazong'oka kwa kuvutwa kidogo, na miguu imeanza kuvimba, huyo hana mvi. Ana utapiamlo, na apelekwe kliniki siku ile ile.

Juu ya mafuta tutapita upesi. Habasoda, nazi na mwarobaini huilainisha nywele na ngozi ya kichwa, na hatuna ugomvi nayo. Lakini hatujaona mafuta yaliyothibitishwa kuirudisha akiba ya rangi iliyokwisha, na mwuzaji anayeahidi hivyo kwa shilingi elfu mbili anauza chupa.

Limebaki lile ambalo kila mtu huliamini, kwamba huzuni huleta mvi. Wazee wa Delta huzihesabu mvi zao kwa misiba: hizi ni za mafuriko ya El Niño ya mwaka 1997, hizi ni za mapigano ya mwaka 2012, hizi ni za mwaka ule maji ya chumvi yalipopanda mtoni yakaua mpunga na miembe. Kwa muda mrefu madaktari waliyachukulia maneno haya kama hadithi. Sasa hawacheki tena. Mwaka 2020 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha kwa panya kwamba hofu kali huchochea mishipa iliyo karibu na shina la unywele, ikamwaga kemikali iitwayo noradrenalini, na akiba ya seli za rangi ikaamka yote kwa pamoja na kumalizika. Mwaka uliofuata, wenzao wa Chuo Kikuu cha Columbia waliwapima watu 14 unywele mmoja mmoja. Kwa kuwa unywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, urefu wake ni kama daftari la tarehe. Walikuta nywele zilizogeuka nyeupe katika miezi ya dhiki, na chache zilizorudi kuwa nyeusi dhiki ilipoondoka. Mtu mmoja alirudiwa na weusi katika nywele tano alipokwenda likizo. Nywele tano si kichwa, na wengi wa wenye mvi hawatarudiwa na weusi hata walale mwaka mzima. Lakini kuna ukweli katika kauli ya wazee.

Kwetu Waislamu hili si geni. Imepokewa kwamba Abubakar (r.a.) alimwambia Mtume kwamba ameona mvi zimemtoka, naye akazitaja Sura Hud na nyingine zinazofanana nayo kuwa ndizo zilizomzeesha. Naye Anas bin Malik (r.a.), aliyemhudumia kwa miaka mingi, amesimulia kwamba nywele nyeupe za Mtume, kichwani na ndevuni, hazikufika ishirini mpaka alipofariki. Hata uzito ule ulileta mvi chache. Basi tusimwambie kila kijana mwenye mvi kwamba ana mawazo mengi. Huenda hana. Huenda ana nyanya.

Kuhusu zile habari za mtu aliyefiwa akaamka asubuhi kichwa chote cheupe, tumekwisha kusema kwamba unywele uliokwisha kutoka haubadiliki rangi wenyewe. Kinachotokea, kwa wachache sana, ni ugonjwa unaoangusha nywele kwa ghafla na kuziangusha zaidi zile nyeusi. Zinazobaki ni mvi zilizokuwapo tangu awali.

Tumjibu mama swali lake la pili. Awaambie. Masheikh wetu wamekataza kuficha jambo la mwili kwa rangi ili kumhadaa mchumba, na nyumba iliyoanza kwa piko itaendelea kwa piko kila baada ya wiki tatu, kwa mwili ambao umeshakataa. Lakini awaambie kichwa kikiwa juu. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu Pwani, aibu ambazo mtu anaweza kuzidai ili ndoa ivunjwe zimetajwa na zinajulikana: wazimu, ukoma, barasi, na kasoro za maumbile zinazozuia tendo la ndoa. Mvi hazimo. Mwenye kuona uzito anaweza kurudi kwake kwa salama, bila kuacha nyuma maneno ya uchawi juu ya binti wa watu.

Akitaka kuzibadilisha rangi, mlango haukufungwa. Siku ya kufunguliwa Makka, mwaka wa nane wa Hijra, aliletwa Abu Quhafa, babake Abubakar, kichwa na ndevu nyeupe kabisa, na Mtume akaagiza zibadilishwe rangi na weusi uepukwe. Abubakar mwenyewe alikuwa akipaka hina iliyochanganywa na katam. Wanazuoni wamekhitilafiana juu ya ukali wa katazo la weusi, na hapa si mahali pa kuwahukumu. Hina haizuii maji ya josho, kwani huingia ndani ya unywele wala haiufuniki kwa tabaka. Binti huyu, baada ya yaliyompata, aijaribu kwanza nyuma ya sikio, angoje siku mbili.

Na kabla ya hayo yote, apimwe. Tumemwandikia mama orodha ya kumwonyesha daktari, Ngao au Malindi: hesabu kamili ya damu, kipimo cha tezi, na B12, ambayo mara nyingi sampuli yake hupelekwa maabara ya mbali na majibu huchukua siku. Amtajie daktari na habari ya piko, iandikwe katika faili, isije ikasahauliwa.

Wametuarifu kwamba watashuka kwa mtumbwi mpaka Kipini Jumatatu ijayo, inshaallah, kisha watapanda gari. Wanawake wa upande wa mume wanakuja Ijumaa. Binti ameomba jambo moja: kwamba posa ikikubaliwa, siku ya harusi apambwe mikono kwa hina ya majani tu, na nywele zake ziachwe kama zilivyo. Nyanya amekubali. Mama hajamjibu bado.